Maji ya Kijani ya Nakivale Yataka Lindo

Msafiri aondokaye Mbarara kwa njia ya kusini huagana na kelele za mji, akaingia katika vilima vya Isingiro, ambako migomba imepandwa toka bondeni hadi mgongoni mwa kilima. Askari wa umri mkubwa huijua Mbarara kwa vita vya 1979, kwani majeshi ya Tanzania yaliuteka mji huo Februari ya mwaka huo. Leo malori yapitayo hapo hubeba matoke, na Rwekubo ni mojawapo ya vituo vya biashara vya wilaya hiyo ya Isingiro, yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipowasili Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili kikawa daraja la wengi wao sokoni na bombani. Wote hao, pamoja na wenyeji na ng'ombe wao wenye pembe ndefu, hulitegemea ziwa moja lisilo na kina kirefu: Ziwa Nakivale.

Mtu wa pwani akisikia neno mwani hukumbuka bahari. Huko Zanzibar mwani ni zao, nao umelimwa kwa biashara tangu 1989. Lakini mmea huo huweza pia kuwa balaa. Tangu 2011 mwani wa rangi ya kahawia uitwao sargasamu umekuwa ukifurika katika Bahari ya Atlantiki. Mwaka 2018 setilaiti ziliona mkanda wake ukienea kilometa 8,850, toka Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Mexico, wenye uzito wa zaidi ya tani milioni 20. Ukioza ufukoni hutoa hewa yenye uvundo wa mayai viza, hufukuza wageni na kuziba njia za wavuvi.

Nakivale haina bahari, lakini kanuni ni ile ile. Mvua huteremsha udongo, samadi na mbolea ya chumvichumvi toka vilimani. Nao mto Rwizi, upitao Mbarara na kuelekea kwenye maziwa haya, hubeba uchafu wa mji. Rutuba hiyo ikikutana na jua na maji yaliyotulia, vimelea vidogo vya kijani huzaliana hata maji yakafanana na rangi iliyomwagwa. Usiku vimelea hivyo hutumia hewa iliyomo majini, na vikifa na kuoza huimaliza zaidi. Ndipo samaki huelea asubuhi wakiwa wamekufa.

Uganda imepata kulipa gharama ya kuchelewa kuona. Gugu maji, asili yake Amerika ya Kusini, lilionekana katika sehemu ya Uganda ya Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mto Kagera, uliopo mpakani mwa Isingiro na Tanzania, ulikuwa mmoja wa milango yake. Katika miaka ya 1990 gugu hilo lilifunga bandari na kuzingira mitumbwi, hadi wadudu wa jamii ya fukusi walipoachiwa kulila.

Lindo la maji lina macho mawili. La kwanza liko angani: setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa 2015, hutambua eneo lenye upana wa mita 10, na rangi ya maji huonyesha mahali mwani unapoenea. Lakini wingu huziba jicho hilo. La pili limo mtumbwini: sahani ya duara, iliyobuniwa na padri Mwitalia Angelo Secchi mwaka 1865, hushushwa kwa kamba hadi isionekane. Kamba ikiwa fupi, maji yamechafuka. Hata hivyo, si jicho la angani wala sahani hiyo iwezayo kusema kama maji yana sumu. Hilo hujulikana kwa kupima maji katika maabara.

Hapa ndipo akina mama na akina baba wa nyumba wapaswapo kuwa waangalifu. Baadhi ya vimelea hivyo hutoa sumu idhuruyo ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Huweza hata kuifungua toka ndani ya vimelea. Basi maji yenye utando wa kijani yasichotwe kwa kunywa, wala watoto wasiogee humo, wala mifugo isinyweshwe. Ni heri foleni ya bomba la maji yaliyosafishwa.

Mafunjo ya ufukoni nayo yasifyekwe, kwani huchuja udongo na samadi kabla havijaingia ziwani. Mvuvi aonaye maji yakibadilika rangi, na askari wa doria vile vile, na atoe taarifa siku hiyo hiyo kwa ofisa wa maji au wa uvuvi, akitaja mahali na saa. Utando huo huhamishwa na upepo, na kesho huenda usikutwe pale ulipoonekana.