Mama na vifaa vya nyumbani, sehemu ya 7: Hiyo "apdeti" ya usiku

Wiki hii meseji zenu nyingi ni swali moja kwa sura tofauti. Kamera ya kumwangalia mtoto inaomba sasisho, simu inaomba, hata runinga nayo inaomba. Mmoja kaniandikia, "Dada nesi, si ndiyo njia ya kuniibia hela za kwenye simu hiyo?"

Swali zuri, sitaki kulijibu kwa haraka.

Ndani ya kifaa kinachojisasisha kwa intaneti kuna kiprogramu kidogo ambacho wewe hukioni. Kila baada ya muda kinapiga hodi kwenye seva ya mtengenezaji: kuna kipya? Kikiambiwa kipo, kinakipakua, kinakikagua, kinakiweka, halafu kifaa kinawaka upya. Basi. Sasa usalama karibu wote umekaa kwenye hilo neno la katikati, kinakikagua.

Aliyewahi kuongezewa damu wodini anajua tunavyosumbua. Manesi wawili, mfuko mmoja. Tunasoma jina, namba, kundi la damu, tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha tunasoma tena mbele ya mgonjwa. Mfuko umetoka benki ya damu, umeletwa na mtu tunayemjua, na bado tunasoma. Kiprogramu kizuri kinafanya hivyo hivyo: hakiamini njia, kinaamini saini. Mtengenezaji anatia saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri anaoutunza yeye. Kifaa chako kina ufunguo wa pili, ambao kazi yake ni kuhakiki tu, hauwezi kutia saini. Herufi moja ikibadilishwa njiani, saini haikubali na sasisho linatupwa.

Kinatakiwa kikague pia kama sasisho si la zamani kuliko lililomo. Hili watu wanalidharau. Mwizi anaweza kuchukua toleo la mwaka juzi, saini yake halali kabisa ila lina tundu linalojulikana, akalirudisha kwenye kamera yako. Ni kama dawa halisi iliyopita tarehe. Lebo haidanganyi, lakini utampa mtoto?

Msidhani wakubwa hawakosei hapa. Oktoba 2018 kampuni ya Medtronic ya vifaa vya moyo ilizima usasishaji wa intaneti kwenye mashine zake za CareLink, zile ambazo madaktari hutumia kupanga "betri ya moyo" ya mgonjwa. Masasisho yalikuwa yapite kwenye njia maalumu iliyofungwa, lakini mashine haikuhakikisha kwamba bado iko kwenye njia hiyo kabla ya kupakua. Yaani ni sawa na kupokea mfuko wa damu bila kuangalia umeletwa na nani. Wakarudi kusasisha kwa mkono, mashine moja moja.

Jambo jingine ni umeme. Mama mmoja aliniuliza, "Ukikatika katikati je?" Kwetu hapa hilo si swali la kufikirika. Vifaa vilivyotengenezwa vizuri vina vyumba viwili ndani: cha zamani kinaendelea kufanya kazi wakati kipya kinaandikwa pembeni. Kipya kikishindwa kuwaka, kifaa kinarudi chumba cha kwanza. Vifaa rahisi sana mara nyingi havina chumba cha pili, umeme ukikatika vibaya vinabaki tofali. Ndiyo maana nasema betri iwe na chaji ya kutosha, na usizime katikati.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kuna mama tuliyempokea na binti yake wa miaka 9 mwenye kisukari. Ana ndugu nje anayemtumia kile kidude cha kubandika mkononi, kinasoma sukari na kupeleka namba kwenye simu. Sukari ikishuka usiku, simu inalia. Usiku ule simu ilijisasisha yenyewe, na baada ya hapo kengele haikulia. Bahati nzuri mama aliamka kwenda msalani, akamkuta mtoto amelowa jasho na haitiki vizuri. Alifika kwetu anatetemeka kuliko mtoto. Mtoto alipotulia, akaniambia, "Nesi, nazima masasisho yote, sitaki tena."

Namwelewa kabisa. Wala si yeye peke yake: Februari 2025, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilihili, kwamba mipangilio ya simu na masasisho yake yanaweza kunyamazisha kengele za vifaa vya kisukari. Saini ilikuwa sahihi, hakuna mwizi, na bado mtoto alikuwa hatarini. Lakini kuzima yote nilimkatalia. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi sana kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Kifaa kisichosasishwa hakikai salama, kinakaa kinangoja.

Tulikubaliana hivi. Sasisho la kujiendesha la simu ile lizimwe, yeye alifanye mwenyewe mchana, Jumamosi, akiwa na nafasi. Kabla ya hapo aangalie kama watengenezaji wa kidude wameshasema toleo jipya la simu linakubaliana nacho. Likimalizika, afungue mipangilio, ahakikishe programu ya sukari bado ina ruhusa ya kulia hata simu ikiwa kimya, kisha aijaribu kengele kwa masikio yake. Na usiku huo wa kwanza aweke saa ya kuamka saa nane, apime kwa kidole.

Kwa yule wa hela za kwenye simu: sasisho la kweli unalikuta ndani ya mipangilio ya kifaa au kwenye duka rasmi la programu. Likija kama kiungo cha meseji au kwenye grupu la WhatsApp, futa.

Na mkienda dukani kununua kamera ya mtoto, ulizeni itapata masasisho hadi mwaka gani. Uingereza tangu Aprili 2024 sheria inamlazimisha mtengenezaji kulisema hilo, na nywila rahisi ya kiwandani hairuhusiwi. Muuzaji wetu atakushangaa. Muulize tu.

Uliyeniuliza kuhusu kamera ya mtumba: geuza stendi, chini kuna jina la modeli. Nitumie picha nikuangalizie kama bado inahudumiwa.