Majembe Yaliyotoka Barabarani

Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyopitia kusini, na Uyole, kule Mbeya, ikaanza kupata springi za malori. Mafuta yalipelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, shaba ikarudi kwa njia hiyohiyo, na kabla ya lami barabara ilikuwa vumbi na mashimo. Springi zilikatika, madereva wakafunga nyingine, vipande wakaviacha. Ndivyo wazee walivyotusimulia sisi watoto wa miaka ya 1980, na malori hayakuwa yameacha kuharibika: nyuma ya banda la fundi chuma, karibu na njia panda ya Tukuyu, springi zilirundikana hadi kifuani kwangu.

Fundi alikata bapa la springi kwa patasi na kulifukia kwenye mkaa, mtoto mmojawapo akizungusha gurudumu la baiskeli lililoendesha feni ya bati. Chuma kikiwa na rangi ya chungwa bivu, alikitoa kwa koleo, akakilaza juu ya kipande cha reli na kukifua upesi kabla hakijapoa. Makali aliyazamisha kwenye oili chafu ya gereji, na harufu yake ilikaa kwenye masweta yetu siku kadhaa. Chuma cha springi kina kaboni nyingi kuliko nondo za kawaida, ndiyo maana kikipozwa ghafla kinakuwa kigumu. Oili hukipoza polepole kuliko maji, kisipasuke. Yeye aliyajua hayo kwa kuangalia rangi na kusikiliza mlio.

Wakulima wa viazi walimletea majembe yaliyolika yakabaki upana wa kiganja.

"Shikamoo fundi. Hili si la kutupa?"

"Marahaba, mama. Liache hapo, nitaliungia ulimi mpya."

Mbeya ilikuwa pia na kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, nasi tulikionea fahari kweli. Lakini viwanda vya umma vya wakati ule vilitegemea vipuri na malighafi za kununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo nchi haikuwa nazo. Baadaye ZZK ilisimama. Bandani nyundo iliendelea kulia, kwa sababu malighafi yake ilipita mlangoni kila siku. Sidai kwamba mabanda yangetosha kulisha nchi kwa majembe. Nadai kwamba kiwanda na banda vilipaswa kulishana, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ilikuwa daraja lenyewe.

Banda nalo lilikuwa na madhara yake. Mkaa ulitoka kwenye miti ya milimani, na oili iliyochoka ilimwagwa ardhini. Kule Kibena, Njombe, wakati huo ikiwa mkoa wa Iringa, kampuni ya miwati TANWAT ilikamua tanini kwenye magome, na baadaye ikageuza kuni za mashamba yake kuwa umeme. Kwa hiyo ujuzi wa kutumia mabaki kwa mpangilio ulikuwepo nyanda hizihizi, umbali wa safari ya basi.

Leo chuma chakavu cha Uyole kinanunuliwa kwa kilo na kusafirishwa kwenda kuyeyushwa, springi nzima zikichanganywa na mabati yenye kutu. Kuyeyusha kunakula moto mwingi kuliko kufua, na springi moja inatosha majembe kadhaa. Springi zichambuliwe kwanza, palepale njia panda, mafundi wapewe feni za umeme, mkopo wa kununua kwa wingi na mtu wa kuwapimia ugumu wa chuma chao.