Mwashi wa Runyenjes katika Msikiti wa Kilwa

Mwashi mmoja wa Runyenjes, upande wa Embu, amezoea jiwe gumu la mlimani, lile la kijivu liharibulo ncha ya tindo. Alipovuka mpaka kwenda Tanzania, akapanda dau kutoka Kilwa Masoko hata Kilwa Kisiwani, haja yake ilikuwa kuuona Msikiti Mkuu. Yeye ni Mkristo, na msikiti wenyewe sasa ni magofu. Hata hivyo alivua viatu mlangoni, ingawa hakuna aliyemwamuru.

Kwanza alistaajabu kuona hapana mnara. Kisha akalitazama jiwe. Mafundi wa kale walikata matumbawe baharini, wakayachonga yangali laini, nayo yakawa magumu kwa kukaa hewani. Matumbawe mengine yalichomwa juu ya lundo la kuni yakawa chokaa. Basi jiwe na kiungo chake, vyote vilitoka majini!

Lakini mahali alipokawia sana ni chini ya kuba za upande wa kusini. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11. Hii ya kusini iliongezwa katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Nguzo zake za kwanza zilichongwa kila moja katika jiwe moja zima. Bila shaka zilipendeza, ila hazikuuweza mzigo, na paa likaanguka. Katika karne ya 15 wenyeji walijenga upya kwa nguzo za pembe nane, za mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa. Mwashi alizizunguka moja moja akizipapasa kama mtu akaguaye ng'ombe mnadani.

Kwao wapo wasemao kwamba kujenga kwa mawe kuliletwa na wageni, na zamani hata wataalamu waliinena Kilwa hivyo hivyo. Lakini wachimbaji wa Shanga, karibu na Lamu, katika miaka ya 1980, walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, tangu karne ya 8. Dini ilitoka ng'ambo, kweli. Mikono iliyojifunza kazi ilikuwa ya pwani hii.

Baharia alipomwuliza kama ameridhika, alijibu kwamba lingali jambo moja: angependa kulijua jina la fundi aliyethubutu kuzipandisha kuba mara ya pili.