Mwambie Daktari Kweli Yote



Wiki hii nimepokea jumbe zinazofanana. "Pastor niombee, kizunguzungu hakiishi." "Pastor, nimeanguka tena." Nitakuombea, na tayari nimeanza. Lakini nataka pia ujue jinsi chanzo cha kuanguka kwa mama mchungaji kilivyopatikana. Ameniruhusu niseme, na ameniambia nisipunguze kitu.

Wengi wenu mlikuwepo alipoanguka kwenye kesha. Wahudumu wakamfunika leso, mmoja akasema ni nguvu za Mungu, mwingine akasema ni vita dhidi ya madhabahu yetu. Mimi naamini nguvu za Mungu zinaweza kumlaza mtu chini, na naamini vita vipo. Lakini mama alianguka pia jikoni akisukuma chapati. Akaanguka tena kwenye daraja la miguu la Outering Road, mchana kweupe, hakuna aliyekuwa akiomba. Na nyumba yetu iko ghorofa ya nne, haina lifti. Siku ambazo mifereji imekauka (wewe wa Donholm unazijua) sote hupandisha mitungi ya maji. Zamani alikuwa akipumzika mara moja. Ikafika mahali anapumzika kila ghorofa hata akiwa mikono mitupu, moyo unadunda kama mtu aliyekimbia.

Tulizunguka miezi saba. Kliniki ya kwanza ilisema malaria, ya pili taifodi, ya tatu taifodi tena. Dawa zote alimeza. Kipimo cha Widal, ambacho kimekuwepo tangu 1896, hutafuta kingamwili kwenye damu, si bakteria wenyewe, kwa hivyo mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonekana mgonjwa leo. Sisemi kila taifodi ni ya uongo. Lakini ukitibiwa mara mbili na bado unaanguka, ni wakati wa kuuliza swali lingine.

Swali hilo liliulizwa na daktari mmoja msichana, ambaye aliweka kalamu chini kabla ya kuandika kipimo chochote. Ulikuwa umesimama au umeketi? Uliona giza kwanza, au ulijikuta tu chini? Chumba kinazunguka, au ni kichwa kuwa chepesi? Nani alikuona, na aliona nini? Kisha, "Mama, unakula odowa?"

Mama akacheka. Mfuko wa odowa kutoka Mutindwa ulikuwa ndani ya mkoba wake dakika hiyo hiyo. Hamu ya kula mawe au udongo ni dalili mojawapo ya upungufu wa madini ya chuma mwilini.

Ndipo daktari akauliza kuhusu hedhi. Siku ngapi? Pedi ngapi? Kuna mabonge? Mama akanitazama, nikauliza kama nitoke. Akasema kaa. Siku tisa, akasema, na siku za kwanza anabadilisha karibu kila saa. Miaka yote hiyo alidhani ndivyo wanawake walivyo.

Kiwango cha damu kilikuwa 6.2. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na angalau 12. Skani ikaonyesha faibroidi, uvimbe wa mfuko wa uzazi ambao si saratani. Kila mwezi alipoteza damu kuliko mwili ulivyoweza kutengeneza, na damu iliyobaki haikuweza kubeba oksijeni ya kutosha. Aliongezewa damu, akapewa vidonge vya chuma, baadaye akafanyiwa upasuaji. Vidonge hivyo hufanya choo kuwa cheusi, usiogope. Na chai, najua hili litawauma, ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Ipe nafasi ya saa moja au mbili.

Fungua Marko 5. Yule mwanamke wa miaka 12 tunamhubiri kwa sababu ya vazi alilogusa. Mimi siku hizi nakaa sana kwenye mstari wa 33, pale anapomweleza Yesu kweli yote huku umati umesimama. Kwa sheria ya Walawi 15 damu hiyo ilimfanya najisi, kwa hivyo alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Sisi tunashuhudia kazi, viwanja na visa, lakini neno hedhi linatushinda hata mbele ya daktari.

Kizunguzungu chako huenda si cha damu. Chumba kikizunguka unapogeuka kitandani, huenda ni sikio la ndani. Giza likija ukisimama, hasa kama unatumia dawa za presha, omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama. Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge, usifunge kabla hujaongea na daktari. Mungu hatakudai mlo wa mchana. Lakini ukizimia ukiwa unakimbia au umelala, au moyo ukianza kwenda mbio ghafla, au kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, usingoje Jumapili. Nenda leo, moyo upimwe.

Na wewe uliyeketi karibu na anayeanguka, mlaze, inua miguu, tazama saa. Alipauka? Alitetemeka? Alizinduka baada ya muda gani? Mwambie daktari hayo, maana mwenyewe hawezi kuyajua.

Jumatano baada ya maombi ya mchana, mama mchungaji atabaki kanisani kuongea na dada yeyote mwenye swali. Wanaume hawatakuwepo. Hata mimi nimefukuzwa.