Gundi ya Eropleni Ndogo

Msomaji, ukitaka kuunda eropleni ndogo ya kurushwa kwa mkono, usianze kwa kuuliza habari za mti. Uliza habari za gundi. Mti tunao. Huku Kibwezi, katika Makueni, ninakosomesha, mlingoti wa mkonge uliokwisha kuchanua na kukauka ni mwepesi hata mtoto huuchukua mzima begani asitweta. Moyo wake hukatika kwa kisu kama mkate. Walakini moyo huo hunywa gundi kama mchanga unywavyo maji, na hapo ndipo penye kazi.

Mimi nilizaliwa upande wa Mwingi, katika Kitui. Utotoni tulibandua gundi ya mgunga, nyingine tukaitafuna, nyingine tukairoweka tukaungia tiara zetu. Haikuwa na bei. Ikikauka hung'aa kama kioo, na kama kioo hupasuka, ila tone la asali huipunguzia ukavu. Mapenzi hayo niliyachukua mpaka chuo cha ualimu, nikatoka nayo.

Mwaka mmoja wanafunzi wangu waliunda eropleni kwa siku ya wazazi, mwishoni mwa Oktoba. Wote walitumia gundi ya mgunga isipokuwa msichana mmoja mkimya, aliyeleta gundi nyeupe ya maseremala. Niliiweka eropleni yake katika mizani ya maabara, nikawaonyesha wenziwe jinsi ilivyozidi uzito, nikamwamuru aibandue. Akasema, "Mwalimu, hiyo ya mgunga si huyeyuka majini?" Nikamwambia aketi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ikanyesha mvua ya kwanza ya vuli, na asubuhi hewa ilikuwa nzito kwa unyevu. Mabawa yaliyokuwa imara tangu Septemba yalilegea. Eropleni yake ilipanda vizuri, kisha bawa likaachana na kiwiliwili juu ya vichwa vyetu. Baba yake aliliokota, akampa bila kusema neno.

Nami nilikuwa nimekwisha kusoma habari za Mosquito, eropleni ya Kiingereza ya mbao iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940! Waundaji wake walianza na gundi iliyotokana na maziwa, kisha wakaiacha wakashika ya kiwandani, iliyostahimili zaidi unyevu na kuvu.

Kosa langu jingine lilikuwa kubwa zaidi. Karibu nusu ya uzito wa gundi nyeupe ni maji, nayo huenda zake gundi ikaukapo. Nilipima yake ikiwa mbichi na yangu ikiwa kavu.

Sasa, msomaji, gundi ya mgunga naitumia kwa kubandika karatasi tu. Bawa na kiwiliwili naviunga kwa ile nyeupe: napaka kwanza nyembamba, iliyotiwa maji kidogo, moyo wa mkonge unywe ushibe, ikikauka napaka mara ya pili, nafunga kwa uzi, nafuta iliyofurika, naacha mpaka kesho. Anayefungua uzi jioni ile ile hujuta.

Jumatatu nilimwita msichana yule mbele ya darasa, nikamwomba radhi. Hakusema lolote juu ya radhi. Aliniuliza kama mizani ingali maabarani.