Asilimia Themanini ya Nini?

Niliajiriwa halmashauri mwaka 1984, mwaka uleule serikali za mitaa ziliporudi. Vijana wengi hawajui kwamba kwa zaidi ya miaka kumi wilaya zetu hazikuwa na mabaraza ya madiwani. Yalivunjwa mwaka 1972 ulipoanza mpango wa Madaraka Mikoani, na mipango, fedha na wataalamu vyote vikawekwa chini ya maofisa wa serikali kuu. Bunge lilitunga sheria za kuyarudisha mwaka 1982, na yalipokuja kukaa tena palihitajika watu wa kupiga chapa. Nilikuwa binti wa miaka 22, nimetoka kusoma uhazili Tabora, nikapangiwa wilaya moja ya kusini ambayo jina lake nalihifadhi, kwa kuwa baadhi ya ninayoyasimulia yanawagusa watu walio hai. Kazi yangu ilikuwa kuandaa makabrasha ya vikao, kuyasambaza, kisha kukaa pembeni ya meza kuu na kuandika muhtasari. Vyeo vilibadilika, kazi haikubadilika, hadi nilipostaafu mwaka 2022.

Watu wakisikia habari za kudhibiti fedha za halmashauri hufikiria CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Namheshimu sana mkaguzi, lakini mkaguzi huja baada ya shughuli. Hesabu za mwaka hufungwa Juni 30, hupelekwa kwake ndani ya miezi mitatu, na ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi. Kufikia hapo mkandarasi ameshalipwa na ukuta umeshapata ufa. Anayeweza kuuliza fedha zikiwa bado zipo ni diwani. Ana Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inayokutana kila mwezi, ana kamati nyingine za kudumu, na ana Baraza lenyewe kila robo mwaka. Ila diwani anauliza kutokana na alichokisoma. Asiposoma, atauliza habari za posho, au atanyamaza.

Ndiyo maana kwangu mimi uwajibikaji ulianzia kwenye mashine ya kudurufu. Tulichapa kwenye stensili, wino ukatuchafua hadi viwiko, karatasi zikakatika katikati ya mwaka wa fedha. Kabrasha la diwani wa kata ya mbali lilipakiwa kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri, akabidhiwe mtendaji wa kata, naye alipeleke kwa baiskeli. Mvua za masika zikikata barabara, diwani huyo alikuja kikaoni hajui ajenda. Hilo tulilivumilia kwa kuwa ni la Mungu. Lisilovumilika lilikuwa la binadamu: mkuu wa idara analeta taarifa yake usiku wa kuamkia kikao, sisi tunadurufu hadi alfajiri, na asubuhi wajumbe wanakabidhiwa mlangoni kitabu kizima ambacho hakuna atakayemaliza hata robo yake. Saa mbili baadaye anasimama mmoja: “Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa ni nzuri, naomba tuipokee.” Meza zinapigwa. Mamilioni ya shilingi yamepita.

Miaka ilivyokwenda niliona kitu ambacho sijawahi kukitilia shaka tena. Taarifa iliyochelewa bila sababu ya kueleweka, mara nyingi ilikuwa na jambo ndani yake. Nilimweleza hivyo mwenyekiti wetu mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa misimamo. Akafungua Kanuni za Kudumu, akatangaza kwamba taarifa isiyowafikia wajumbe siku saba kabla haitasomwa, na idara husika itajieleza mbele ya Baraza. Kikao kilichofuata idara kadhaa ziliachwa nje. Wakubwa walikasirika sana. Robo iliyofuata taarifa zilifika mapema, na maswali yalibadilika sura kabisa, maana wajumbe walikuja na makabrasha yaliyopigiwa mistari kwa kalamu nyekundu.

Swali ninalolikumbuka kuliko yote liliulizwa kwenye kamati, na halikuulizwa na msomi. Mama mmoja, diwani wa viti maalumu, mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo tulikuwa kwenye jedwali la miradi ya maendeleo. Mstari wa zahanati ya kata ya jirani yake ulisomeka: utekelezaji asilimia 80. Mtaalamu alikuwa ameshapita mstari huo anaelekea wa pili, mama akanyoosha mkono.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, asilimia themanini ya nini?”

Mtaalamu akajibu kwamba mradi unaendelea vizuri. Mama akasema yeye alipita pale Jumamosi akienda mnadani, akashuka kwenye pikipiki, akazunguka jengo. Liko kwenye linta. Hakuna kenchi, hakuna bati, wala shimo la choo. Akarudia, taratibu, kama mtu anayehakiki chenji: asilimia themanini ya nini? Chumba kikatulia. Ikabidi isemwe kwamba hiyo ni asilimia ya fedha zilizokwisha kulipwa. “Kwa hiyo,” akasema, “hiyo ishirini iliyobaki ndiyo itapaua, ipige lipu, iweke milango na madirisha, ichimbe choo, na bado tununue vitanda?”

Hakuna aliyejibu. Niliandika kila neno. Kamati iliahirisha kupokea taarifa ile, ikaagiza ziara ya kukagua jengo, na ikaazimia kwamba kuanzia robo inayofuata kila mradi uonyeshwe kwa safu mbili zinazokaa pamoja: fedha zilizotumika na kazi iliyofanyika, na ya tatu ikitaja kwa maneno jengo limefika wapi, msingi, boma, linta au bati. Nilizichora safu hizo kwa rula kwenye karatasi na baadaye kwenye kompyuta, miaka yote iliyobaki. Safu mbili tu, lakini zilifichua mengi kuliko hotuba zote nilizowahi kuziandika. Palipo na 80 upande huu na 45 upande ule, swali linajiuliza lenyewe.

Baadaye miradi mingi ilihama kutoka kwa wakandarasi ikaja kwenye utaratibu wa kutumia mafundi wa eneo husika, kamati za ujenzi za shule na vijiji zikinunua saruji na nondo zenyewe. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa ni mwanya wa wizi. Mimi naona ulisogeza maswali karibu na watu. Mwishoni mwa 2021 zilipokuja fedha za UVIKO-19, zile trilioni 1.3 za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kila mzazi alijua kwamba darasa moja la sekondari limetengewa shilingi milioni 20. Walitangaziwa, wakaliona bango. Wajumbe wetu wa kamati walipofika shuleni hawakuanza na hotuba ya mkuu wa shule, walianza na daftari la stoo: saruji imeingia mifuko mingapi, imetoka mingapi, nani amesaini. Na pembeni walikuwapo wazazi wanaohesabu nao. Namba ikishajulikana kijijini, diwani hana pa kujificha wala mtaalamu hana pa kukimbilia.

Barabara na maji ni habari nyingine, na hapa sitafuni maneno. TARURA, wakala wa barabara, ilipoanza mwaka 2017, na RUWASA, wakala wa maji, mwaka 2019, kazi hizo zilitoka mikononi mwa halmashauri. Mameneja wake huja Barazani, husoma taarifa, hujibu kwa adabu. Lakini bajeti na mikataba havipitishwi pale. Diwani anabanwa na wapiga kura kuhusu daraja ambalo mkataba wake hajawahi kuuona. Naelewa sababu za kitaalamu zilizotolewa. Bado naamini kwamba anayebeba lawama alistahili kubeba na kalamu.

Niseme kidogo kuhusu muhtasari, maana ndio uliokuwa silaha yangu. “Kulikuwa na mjadala mrefu na wajumbe walisisitiza uwajibikaji” ni sentensi iliyouawa kabla haijazaliwa. Haina mtu, haina tarehe, haina fedha. Mimi niliandika aliyeuliza, alichojibiwa, nani ameagizwa nini na lini atarudisha majibu. Ofisa mmoja mkubwa aliniita siku moja kuhusu ajenda ya mashine za kukusanyia mapato. Makusanyo ya minada yalikuwa yameonekana kwenye mashine, benki hayakufika yote. Akanitaka niiandike “kwa ujumla”. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba muhtasari ni mali ya Baraza, unathibitishwa na wajumbe wenyewe kikao kinachofuata, na kama una kosa atanyoosha mkono pale. Nikahamishiwa masjala. Niliumia, sitaficha, kwa sababu nilikuwa na watoto wanaosoma na sikujua kitakachofuata. Vikao vichache baadaye madiwani walifungua kabrasha, hawakuona majina wala tarehe mahali popote, wakagoma kuuthibitisha muhtasari. Mwenyekiti akaniombea nirudi mezani.

Kila Juni, Baraza maalumu la kujadili hoja za CAG linapoketi, mkuu wa mkoa au mwakilishi wake yupo, wakaguzi wapo, na menejimenti imevaa suti. Nilizoea kusikia hoja za miaka mitatu nyuma zikijibiwa kwa maneno yaleyale: “Halmashauri inaendelea kufuatilia.” Nilikuwa nikifungua jedwali la yatokanayo, yaani maagizo ya vikao vilivyopita, na kumpelekea mwenyekiti kikaratasi: waliahidi hivi tarehe fulani, ukurasa huu. Wapo waliosema ninaingilia kazi za wakubwa. Kumbukumbu za Baraza ndizo zilizokuwa kazi yangu, na kumbukumbu isiyofika mezani wakati inahitajika ni karatasi tu.

Baada ya uchaguzi wa 2020 tulipata madiwani wengi wapya. Kwenye semina yao nilipewa saa moja. Sikuwafundisha sheria, wanasheria walikuwapo. Niliwaambia wasianze kabrasha kwa ukurasa wa kwanza, waanze na yatokanayo. Wasome safu mbili za miradi. Wakiona neno “unaendelea”, waulize umefika wapi. Wakiambiwa vifaa vimepokelewa, waombe stakabadhi na wamwone aliyesaini. Na wapite wenyewe kwenye jengo, hata kama hawana posho ya siku hiyo.

Siku ya kukabidhi ofisi nilikaa na binti aliyechukua nafasi yangu, tukapitia maazimio ambayo hayajatekelezwa moja baada ya jingine. La zamani kuliko yote lilikuwa la mzabuni aliyelipwa fedha za madawati akaleta nusu. Watatu kati ya waliokuwa wameagizwa kulishughulikia walishahama wilaya. Akaniuliza, “Mama, hili si tulifute tu? Limezeeka.” Nikamtolea jalada lenye barua zote, hati ya malipo na stakabadhi ya mapokezi ikiwa na idadi halisi iliyopokelewa, nikamwambia aliingize kwenye ajenda ya Kamati ya Fedha ya mwezi huohuo na amwalike mwanasheria wa halmashauri. Aliliingiza. Mwanasheria ameshamwandikia mzabuni hati ya madai, na kila robo mwaka yule binti hunipigia kunieleza lilipofika.