Butembo: binti, mama yake na hesabu iliyokataa kuisha

BUTEMBO – Saa mbili za usiku, ndani ya nyumba ya kupanga kwenye komine ya Vulamba, mashini iliandika kwenye kioo: «Siku ya 1». Ikaandika tena «Siku ya 1». Kisha maneno yaleyale yakaanza kupanda mbio, mistari kwa mamia, bila kusimama. Binti aliyekaa mbele yake alibonyeza huku na huku, wapi. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na betri ilibakia na asilimia 30. Asubuhi alipaswa kuonyesha kazi hiyo mbele ya mwalimu na kurudisha mashini, maana ni ya kuazima.

Binti huyu ni mzaliwa wa Beni, kilometa zaidi ya 50 kutoka hapa. Familia yake ilikimbilia Butembo kwa sababu ya mauaji yaliyoanza kule Oktoba 2014 na ambayo yamefukuza watu wengi kwenye mashamba yao. Sasa anajifunza kuandika programu kwa lugha ya Python. Mwalimu aliwaambia wanafunzi: kila mtu achague kitu anachokijua vizuri, kisha aifundishe mashini kukihesabu. Mmoja alichagua magunia ya kahawa, mwingine franga za likelemba. Yeye alichagua siku 21.

Beni na Butembo, hakuna anayeuliza siku 21 ni za nini. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, karibu na Beni. Kila mtu aliyegusana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21, kwa kuwa huo ndio muda mrefu ambao ugonjwa unaweza kujificha mwilini mbele ya kuonekana. Mama ya binti alikuwa mmoja wao. Kila asubuhi kijana wa riposti alifika mlangoni, akampima joto, akamuuliza kama ametapika au kichwa kinauma, kisha akaandika kwenye karatasi yake. Binti, wakati ule mtoto wa shule ya msingi, alisimama pembeni akihesabu.

Programu yake ilikuwa fupi. Siku inaanza na 1. Wakati siku haijapita 21, mashini iandike namba ya siku. Kazi hiyo ya kurudiarudia inaitwa bukle, ni kusema mzunguko. Lakini mzunguko wake ulibakia siku ya kwanza.

Alipiga simu kwa mwenzake wa darasa, akaambiwa abonyeze Ctrl na C kwa pamoja. Mashini ikatulia.

«Mama, inakataa kuisha.»

Mama alikuwa anachagua maharagi kwa mwangaza wa tochi. «Iko inasema nini?»

«Siku ya kwanza, siku ya kwanza, paka vile.»

Mama akacheka kidogo. «Sawa na yule kijana wa riposti. Asubuhi moja alinipima, akasahau kuandika. Kesho yake ananiambia niko siku ya 9. Nikamwambia hapana, mwanangu, mimi niko siku ya 10. Hizi siku ninazihesabu kukushinda wewe.»

Binti akarudi kutazama kazi yake. Kweli, mashini ilikuwa inapima bila kuandika. Hakuna mahali ilipoambiwa kuongeza siku moja, basi 1 ilibakia 1, na 1 haiwezi kupita 21. Akaongeza mstari mmoja chini:

siku = 1
while siku <= 21:
    print("Siku ya", siku)
siku = siku + 1

Akaianzisha. Siku ya 1, siku ya 1, siku ya 1. Betri: 22.

Kosa la pili lilimsumbua zaidi, juu mstari ulikuwepo na ulikuwa sahihi. Kilichoharibika ni mahali pake. Python inatazama nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa mstari. Mstari ulioanzia ukingoni uko nje ya mzunguko na unangoja mzunguko uishe. Ni kama kijana wa riposti angesema: nitaandika siku zote nikishamaliza kupima. Hatamaliza kamwe. Binti akausogeza mstari ndani kwa nafasi nne, sawa na ule wa juu yake. Mashini ikahesabu 1, 2, 3, mpaka 21. Ikasimama.

Mama akasogea karibu. «Na mtu akipata homa siku ya 9?»

Hilo hakuwa amelifikiria. Akaweka swali la joto kwa kila siku, na neno break: joto likifika 38, hesabu ikatike palepale na mtu aitiwe munganga.

Kisha akajaribu hesabu kubwa zaidi, ile ya siku 42. Ili ugonjwa utangazwe umekwisha, zilipaswa kupita siku 42 bila mgonjwa mpya, ni kusema 21 mara mbili. Aprili 2020 watu walikuwa wanangoja tarehe 12. Tarehe 10, zikibakia siku mbili tu, mgonjwa mpya akapatikana Beni. Hesabu ikaanza upya.

Binti aliandika hivyohivyo: mgonjwa mpya akionekana, siku irudi kwenye 0. Akajaribu. Alipofika siku ya 40 akajibu «ndiyo», na mashini ikarudi mwanzo.

«Hii nayo imeharibika?» mama akauliza.

«Hapana, mama. Hii iko sawa. Ugonjwa ndio haujaisha.»

Hesabu ile ya kweli ilifika 42 tarehe 25 Juni 2020, nyuma ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287.

Mama alinyamaza kidogo. «Na siku za kurudi kwetu Beni, unaweza kuziandikia programu?»

«Naweza kuandika inapoanzia,» binti akajibu. «Ya kuisha siijui.» Akafunga mashini ili kulinda betri.

Asubuhi programu ilisimama kwenye 21 mbele ya darasa zima. Mwalimu alimuuliza ni nani aliyemsaidia kuona kosa. Akajibu: mama. Kisha akawaeleza wenzake maswali matatu, nao wakayaandika kwenye kaye zao: mzunguko unaanzia wapi, unaisha lini, na ndani yake ni kitu gani kinachobadilika kila mara. Lile la tatu, akasema, ndilo alilosahau.